Futari ya Jumamosi: boga la nazi

Assalaam alaykum mama zangu na dada zangu. Swaumu zinaendaje?

Kuna badiliko. Mihogo tumeiacha, Jumamosi tunapika boga la nazi na sukari. Tukutane kwangu saa 9 alasiri, tutaswali Alasiri hapa hapa.

1. Mchango sh. 5,000 kila mtu, mwisho Alhamisi usiku. Aliyebanwa anifuate pembeni, tutaelewana.

2. Nazi ninazo 8. Mwenye mbuzi ya kukunia yenye meno makali aje nayo.

3. Mnaokwenda sokoni, chagueni maboga magumu, mazito, yenye nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea. Boga la majimaji halishiki sukari.

Mwaka jana lilivurugika likawa kama uji, na iliniuma kwa sababu watoto walilisubiri sana. Safari hii tukate vipande vikubwa, ganda libaki. Tuanze na tui jepesi, sukari, iliki na chumvi kidogo. Boga likiiva ndipo tunamimina tui zito, moto mdogo, sufuria wazi. Mwiko tusiutie kabisa! Tunatikisa sufuria tu, mpaka tui lishikane na boga na kung'aa.

Tafadhali kila mmoja ajibu NAKUJA au SIJI, pamoja na idadi ya watoto, kabla ya Jumatano saa 3 usiku, nijue ninunue sukari kiasi gani. Nawasubiri kwa hamu.