Somo, Mweka nimepanda na nimeshuka

Somo yangu,

Habari za Mwanza? Wanangu hawajambo? Sisi huku Dar wazima, ila wiki hii ngazi za nyumbani nimezishuka kinyumenyume, nimeshika ukuta, hadi jirani akauliza kama nimeanguka na bodaboda. Sijaanguka. Nimekimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, nimemaliza kwa miguu yangu mwenyewe, na medali ninayo.

Kwenye simu ulitaka kujua jambo moja tu: mwakani nawe ujiandikishe au usijisumbue? Jiandikishe. Lakini ngoja kwanza nikusimulie hiyo njia, maana kila mtu anauliza ni ndefu kiasi gani, hakuna anayeuliza imekaaje.

Tulianzia uwanja wa Ushirika, Moshi, saa moja asubuhi, wenzetu wa kilomita 42 wakiwa wameshatangulia. Kibo kilikuwa kimejifunua chote, cheupe kileleni, na watu walikuwa wanakipa mgongo wapige picha wakati mimi nahangaika kubana namba yangu kifuani na pini. (Misa niliwahi Jumamosi jioni, kwa hiyo usianze.) Mwanzoni unapita mjini, muziki unalia, watu wamejipanga pembeni wanashangilia, na kila mtu anakimbia kama anawahi daladala ya mwisho. Nikaachwa. Wakanipita vijana, wakanipita wamama wanene kuliko mimi, akanipita baba mmoja aliyevaa kofia ya sherehe.

Kisha unaingia barabara ya kupanda Mweka, kijiji cha mlimani, na habari inabadilika. Si kilima cha kukushtua. Ni mpando wa taratibu usioisha, unamaliza kona unakuta kona nyingine, migomba na mibuni kushoto na kulia, kutoka mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari hadi kama 1,150. Wapanda mlima watacheka wakisikia naita huo mlima. Wacheke. Wao hupanda kwa kutembea na mizigo yao inabebwa na wapagazi.

Yule mzee wa kikundi chetu cha jogging alikuwa amenipa sharti moja: ukipanda, kimbia kwa mwendo ambao unaweza kumsimulia mtu kisa kizima, maneno yakianza kukatika, punguza. Basi nikapanda nikisimulia. Nilimpata dada mmoja wa Arusha, hatujuani, nikamweleza habari za harusi ya binti wa shangazi, yeye akanieleza ugomvi wa kiwanja chao. Tukaanza kuwapita walewale. Mmoja ameshika kiuno kwa kichomi, mwingine anatembea mikono kichwani, na baba wa kofia amekaa kwenye ukingo wa mtaro anavua raba. Sifurahii shida ya mtu, Somo, ila siku ile nilifurahi kidogo.

Watoto wa Mweka ndio waliotupandisha. Wanakimbia na wewe pekupeku, wanataka mpigane viganja, halafu wanakuacha wanakwenda kumpokea mwingine. Bibi mmoja alisimama mlangoni kwake akatuambia "poleni" kwa sauti ya msibani kabisa.

Huko juu ndiko wanaume wa kilomita 42 walipotupita. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu watu walianza kupiga makelele nyuma yetu. Wao wenyewe hawana sauti. Mguu unagusa lami na kuondoka, hakuna kishindo, na uso hauonyeshi kitu. Ndani ya basi la kwenda Moshi tulikuwa tumebishana sana juu ya Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu, na dhahabu yake ya marathon ya mashindano ya dunia ya Tokyo ya mwaka 2025, ile aliyoipata kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42 nzima. Mzee mmoja akatukumbusha kwamba kwenye nusu marathon tulikuwa na bingwa wa dunia zamani: Fabiano Joseph, Edmonton, Kanada, mwaka 2005, saa moja, dakika moja na sekunde nane. Muda wote huo ulipopita saa yangu ilikuwa bado inanihesabia mpando, hata pa kugeuzia sijapaona.

Sasa sikiliza kuhusu kushuka, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Ukishageuza unajiambia kazi imekwisha, unaachia miguu ikupeleke. Pumzi ni tele, upepo unakupiga usoni, unajiona Simbu. Kumbe kila hatua ya mteremko misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa, na nyuzi zake zinachanika vipandevipande vidogo usivyovisikia wakati ule. Maumivu huja kesho yake, na kesho kutwa ndiyo yanakuwa bwana. Ndiyo hizo ngazi zangu. Mzee alikuwa ameniasa nishuke kwa hatua fupifupi, magoti yalegee kidogo, nisijivute nyuma. Nilifanya hivyo na bado nikaumia, kwa hiyo sijui asiyefanya anashukaje kitandani.

Na jua. Mwisho wa Februari kule si mchezo. Ikifika saa tatu lami inatoa joto kama mchana wa Dar. Maji yapo vituoni, lakini usibugie kila kituo. Mtu anayekwenda taratibu kama sisi akijaza tumbo maji matupu kwa saa mbili tatu, chumvi ya damu inazimuliwa, na hali hiyo ni mbaya kuliko kiu. Nilikunywa mafunda machache, mengine nikajimwagia kichwani.

Nilipoingia tena uwanjani miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Unajua nusu marathon si kilomita 21 kamili, kuna mita 97 na nusu juu yake. Aliyeziongeza hizo hakunitakia mema. Nilivuka mstari kwa saa mbili na dakika arobaini na kitu, nikavishwa medali, nikakaa chini kwenye majani, na mama mdogo akanikuta hapo na chupa ya mtori. Sijawahi kula mtori mtamu vile.

Wewe utanizidi. Mimi mazoezi yangu ya mlima yalikuwa daraja la Tanzanite na kile kilima cha Chuo Kikuu, napanda nashuka alfajiri mpaka walinzi wakanizoea. Mwanza una vilima vya Bugando na Capri Point mlangoni kwako. Anza kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, siku tatu nne za wiki, na siku moja iwe ya safari ndefu inayoongezeka kidogokidogo hadi ufike 17 au 18. Hizo 21 usizikimbie kabla, ziache Moshi. Wiki mbili za mwisho punguza, hata kama mwili unawasha. Na shuleni ulikuwa unaongoza mchakamchaka huku sisi tunahema nyuma, kwa hiyo usiniletee habari za umri.

Malazi usiwaze. Vyumba vya Moshi huwahiwa mapema, lakini mama mdogo yupo Majengo na ameshasema mwakani nisije peke yangu.

Raba mpya ni ghali, ila za mtumba si mbaya ukijua kuchagua: bonyeza soli kwa kidole gumba, ikikataa kurudi hiyo imekwisha, hata kama juu inang'aa. Na chukua namba moja zaidi ya unayovaa, la sivyo mteremko wa Mweka utakung'oa kucha. Jumamosi nakwenda soko la mitumba la Karume. Nitumie saizi yako kabla ya Ijumaa, na uniambie kama unakubali rangi ya waridi, maana nzuri huwa zimebaki hizo.

Msalimie shemeji.

Somo yako