Shemeji, alama ya spana bado ipo

Shemeji,

Dada anasema hupokei simu zangu kwa sababu kazi zimekubana. Haya, kazi njema. Lakini yapo ya kusemwa, na ukininyamazia nitayaandika hapa, wanaosoma wasome.

Mashine yetu ya milingi, ile ya kuchonga chuma, ni nzima. Ile grisi ya kiwandani uliyoisugua kwa mafuta ya taa siku nzima mpaka vidole vikakupasuka, imetoka yote, na kutu haijagusa popote. Hilo nakupa. Mimi subira hiyo sina.

Ila ile jioni ya kunyoosha nguzo inayobeba kichwa cha mashine imenikaa kooni. Geji ya mshale nimeifunga kwenye spindeli, ile shafti inayozungusha kisu, naizungusha juu ya meza duara la milimita 200 hivi: kushoto sifuri, kulia milimita 0.12. Nagonga kichwa taratibu kwa nyundo ya plastiki, nasoma tena, 0.05. Halafu 0.02. Nikakuambia boliti tuzikaze kwa zamu, kidogo kidogo, tukisoma kila mara, maana kukaza kwenyewe kunavuta nguzo. Wewe ukaichukua ya kwanza ukaikaza mpaka mwisho, ukasema, "Imekaa hiyo. Sehemu ya mia ya milimita nani anaiona?" Mshale ulikuwa kwenye 0.09.

Kisu kipana kinaiona, shemeji. Uso wa chuma unatoka na bonde katikati, na mistari ya kisu inalalia upande mmoja badala ya kupishana.

Ndipo nikasema ile ya "hii si baiskeli", mwanao akiwa mlangoni. Ukaiachia spana. Uliiachia, haikukuponyoka. Alama iko karibu na mfereji wa tatu wa meza, kama punje ya mtama, kingo zimeinuka. Nimezisugua kwa jiwe la kunolea, kwa sababu kinundu kama kile kinatosha kulinyanyua jiliwa upande mmoja.

Na vipimo havikutulia hata ulipoondoka. Wiki nzima nahangaika, kuja kugundua kabari ya kichwa, ile inayokibana kwenye njia yake ya kupanda na kushuka, imelegea: kila nikikifunga kichwa kisipande wala kushuka, kinainama kidogo. Kabari ambayo nilikuambia nimeshaibana. Nilikuambia hivyo, ndiyo. Lakini hata ingekuwa imebana, boliti moja haikazwi mpaka mwisho wenzake wakiwa wamelegea. Hapo usinibishie.

Sasa kushoto na kulia pako sawa. Kinachonishinda ni mbele na nyuma. Vile vibati ulivyokata kwa mkasi kwenye kopo la soda, vya kuweka chini ya nguzo, nilivitoa kwa hasira nikavichanganya. Vyote vinne nimevitunza kwenye kisanduku cha geji. Kimoja umekikunja mara mbili. Kilikaa nyuma kulia, au nyuma kushoto?