Faida ya Milioni 90 Iko Wapi?

Swahibu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Barua yako niliipata pamoja na kurasa za hesabu ulizoambatanisha, nami nimekaa nazo jioni tatu mfululizo, kalamu mkononi, kabla ya kuthubutu kukujibu. Umeniuliza kama ni busara kuweka akiba yako katika hisa za kiwanda hiki ambacho faida yake baada ya kodi imepanda kutoka milioni 64 hadi milioni 90 ndani ya mwaka mmoja. Kwa leo sitakujibu ndiyo wala hapana, kwa sababu swali lako limesimama juu ya tarakimu moja, na tarakimu moja ya hesabu za kampuni ni kama shahidi anayehojiwa peke yake: husema alichofundishwa kusema. Tumwite pamoja na wenzake, tuone kama maneno yao yanapatana.

Wenzake wapo, tena hawawezi kujificha kabisa. Hesabu za kampuni huandikwa kwa utaratibu wa kuingiza kila muamala mara mbili, utaratibu ambao Luca Pacioli aliueleza katika maandishi yaliyochapwa Venice mwaka 1494, wakati wafanyabiashara wa huko walikuwa wameshauzoea. Matokeo yake kwetu sisi wanunuzi wa hisa ni kwamba mtu hawezi kuongeza mauzo bila akaunti nyingine kuvimba, wala hawezi kupunguza gharama bila kiasi hicho kwenda kukaa mahali pengine. Mauzo ya mkopo yasiyolipwa hukaa kwa wadaiwa, yaani wateja ambao bado hawajalipa. Gharama isiyotozwa mwaka huu hukaa kwenye bidhaa zilizo ghalani au kwenye mali za kudumu, kama mitambo na majengo. Ndiyo maana mimi huanza kusoma mizania kwanza, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, kisha taarifa ya mapato, ingawa wengi hufanya kinyume chake.

Tuanze na wadaiwa. Mauzo ya kiwanda chako yalikuwa milioni 800, sasa ni milioni 960, yaani yamekua kwa asilimia 20. Wadaiwa walikuwa milioni 120, sasa ni milioni 200, ongezeko la takriban asilimia 67. Ukigawa wadaiwa kwa mauzo na kuzidisha kwa siku 365, utaona kwamba mwaka juzi mteja alikuwa akichukua siku 55 kulipa, na mwaka jana alichukua siku 76. Wateja hawabadilishi tabia kwa siku 21 bila sababu. Huenda kampuni imelegeza masharti ya mkopo ili kuuza zaidi, huenda imewasukumia mawakala mzigo mwingi katika wiki za mwisho wa mwaka, au huenda baadhi ya wateja wameshindwa kulipa na hakuna aliyetaka kulikiri hilo kwenye hesabu.

Dhana hii ya mwisho ndiyo iliyonirudisha kwenye ukurasa wa maelezo ya hesabu, mahali panapotajwa tengo la madeni chechefu, yaani kiasi kinachotengwa kwa ajili ya madeni yanayohofiwa kutolipwa. Tengo hilo lilikuwa milioni 6 mwaka juzi, na limebaki milioni 6 mwaka jana. Kwa maneno mengine, uongozi uliokuwa ukitarajia kupoteza karibu asilimia 5 ya madeni yake sasa unatarajia kupoteza karibu asilimia 3 tu, katika mwaka uleule ambao wateja wamechelewa kulipa kuliko awali. Kama wangedumisha uwiano wa zamani, tengo lingekuwa karibu milioni 10, na tofauti hiyo ya milioni 4 ingeondolewa kwenye faida kabla ya kodi. Kiasi chenyewe si kikubwa, lakini kinaonyesha mkono wa mwandishi unaelekea upande gani, na mwelekeo wa mkono huo huniambia mengi kuliko kurasa za mwanzo zenye picha za wakurugenzi wakitabasamu.

Sasa tazama bidhaa zilizo ghalani, kwa kuwa hapa pana jambo linalowapita wengi. Zimepanda kutoka milioni 110 hadi milioni 170, na ukizipima kwa gharama ya mauzo, yaani gharama ya kutengeneza bidhaa zilizouzwa, utakuta zilikuwa zikikaa ghalani siku 72, sasa zinakaa siku 97. Wakati huohuo faida ghafi, yaani mauzo ukiyatolea gharama hiyo, imepanda kutoka asilimia 30 ya mauzo hadi asilimia 33. Mtu asiye na mazoea atafurahi kwamba kiwanda kinazalisha kwa gharama nafuu zaidi. Lakini kumbuka kwamba gharama zisizobadilika za kiwanda, kama uchakavu wa mitambo na mishahara ya wasimamizi, hugawanywa kwa kila kifaa kinachotengenezwa. Kiwanda kikitengeneza vifaa vingi kuliko kinavyouza, sehemu ya gharama hizo hufuatana na vifaa visivyouzwa hadi ghalani, ikasubiri huko kama mali, na gharama ya vile vilivyouzwa ikaonekana imepungua. Faida ghafi ikipanda huku ghala likijaa, mimi hushuku ghala kwanza kabla ya kumpongeza meneja wa uzalishaji.

Kuhusu wadai, yaani wasambazaji ambao kiwanda bado hakijawalipa, nitasema machache. Wamepanda kidogo tu, kutoka milioni 90 hadi milioni 95, na ukiwapima kwa gharama ya mauzo utaona kwamba kiwanda kilikuwa kikiwalipa wasambazaji wake baada ya siku 59, sasa kinawalipa baada ya siku 54. Ukiunganisha siku zote hizo, za ghalani na za wateja, kisha ukatoa zile za wasambazaji, fedha ya kampuni iliyokuwa ikirudi baada ya siku 68 sasa inarudi baada ya siku 119. Ni karibu mara moja na robo tatu.

Hapo ndipo swali lililo juu ya barua hii linapopata jibu. Chukua faida ya milioni 90, rudisha uchakavu wa milioni 30 kwa kuwa hakuna fedha iliyotoka kwa ajili yake mwaka huo, toa milioni 80 zilizoongezeka kwa wadaiwa, toa milioni 60 zilizoongezeka ghalani, kisha ongeza milioni 5 za wadai. Unabaki na upungufu wa milioni 15. Kampuni iliyotangaza faida ya milioni 90 haikupata hata senti kutokana na shughuli zake za uendeshaji. Ilitumia milioni 45 kununua mitambo, ikawalipa wenye hisa gawio la milioni 40, na fedha zote hizo, pamoja na nyongeza ya milioni 10 iliyobaki benki, zilitoka kwenye mkopo mpya wa milioni 110. Lile gawio uliloniandikia kwa furaha limelipwa kwa fedha ya mkopeshaji.

Jambo hili si geni. Kampuni ya maduka ya W. T. Grant ya Marekani iliendelea kutangaza faida kwa miaka mingi huku shughuli zake zikikausha fedha, kwa sababu mauzo yake mengi yalikuwa ya mkopo na ghala lake lilizidi kujaa, hadi ilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Oktoba 1975. Baadaye, mwaka 1996, mtafiti Richard Sloan alionyesha kwa takwimu za kampuni nyingi kwamba ile sehemu ya faida isiyoambatana na fedha hudumu kwa muda mfupi kuliko ile inayoambatana nayo, na kwamba wanunuzi wa hisa kwa jumla hawakuwa wakiitofautisha. Nilipousoma utafiti huo nilijisikia kama mtu aliyepigwa picha bila taarifa, kwani mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya kosa hilo. Nilinunua hisa za kampuni ambayo sitaitaja, nikiongozwa na faida na gawio peke yake, wakati wadaiwa walikuwa wamezidi nusu ya mauzo ya mwaka mzima. Tarakimu hiyo ilikuwa katika ukurasa uleule niliokuwa nimeukunja kona. Mwaka uliofuata walifuta sehemu kubwa ya madeni hayo, gawio likasitishwa, nami nikauza kwa chini ya theluthi ya bei niliyonunulia.

Si kila uhusiano nilioupima umenitia shaka, na haki inataka niseme hivyo. Riba iliyolipwa ni milioni 21, na wastani wa mkopo wa mwanzo na wa mwisho wa mwaka ni milioni 205, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 10, karibu sawa na kiwango kilichotajwa katika maelezo ya hesabu. Kama riba ingekuwa kubwa mno kwa mkopo unaoonekana, ningeshuku kwamba deni lilipunguzwa siku chache kabla ya kufunga hesabu ili mizania ipendeze, kisha likarudishwa. Kama ingekuwa ndogo mno, ningeuliza iwapo sehemu yake imeingizwa kwenye thamani ya jengo linalojengwa. Vilevile limbikizo la faida, yaani faida ya miaka yote ambayo haijagawiwa, linafungamana vizuri: milioni 180 za mwanzo, ongeza 90, toa gawio la 40, unapata 230 kama ilivyoandikwa. Mali za kudumu nazo zimetoka 300, zikaongezwa 45, zikapunguzwa uchakavu wa 30, zikafika 315. Hesabu zikikataa kufungamana hapa, pana muamala uliopitia mlango wa nyuma, na ni wajibu wako kuutafuta.

Fedha iliyoko benki pia ina mwenzake, nayo ni riba inayoizalisha. Kampuni ya maziwa na vyakula ya Parmalat ya Italia ilikuwa ikionyesha fedha nyingi sana mkononi huku ikiendelea kukopa kwa kuuza hatifungani, yaani hati za mkopo, hali ambayo peke yake ingetosha kumfanya msomaji aulize kwa nini tajiri anakopa. Mwezi Desemba 2003 ilibainika kwamba akaunti yenye karibu euro bilioni 4, iliyodaiwa kuwa katika benki ya Bank of America, haikuwapo kabisa. Kiwanda chako kina milioni 35 tu benki, hivyo sina hofu ya namna hiyo, lakini nimeitaja kwa sababu najua hutaishia kwenye kampuni hii moja.

Uliniandikia pia kwamba faida kwa mtaji wa wenye hisa imepanda kutoka asilimia 20 hadi karibu asilimia 25, na kwamba dalali wako ameusifu sana uwiano huo. Donaldson Brown, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya DuPont mwanzoni mwa karne ya 20, alitufundisha kuufungua uwiano wa namna hii na kutazama ndani, na wengine wakaongeza kipande cha tatu baada yake. Ndani ya asilimia 25 zako nimekuta hivi: faida kwa kila 100 ya mauzo imepanda kutoka 8 hadi 9.4, na tumeshaona kwamba ghala na lile tengo vinaweza kuwa vimeisaidia. Mali zilizokuwa zikizaa mauzo mara 1.44 kwa mwaka sasa zinazaa mara 1.33, na mali zilizokuwa mara 1.76 ya mtaji wa wenye hisa sasa ni mara 1.97, kwa sababu ya deni. Kati ya vipande vitatu, kimoja kinatiliwa shaka, kimoja kimeshuka, na cha tatu kimepanda kwa kukopa. Muulize dalali anasifu kipi.

Hata hivyo, nisije nikakufanya uone wizi kila mahali. Kampuni ikinunua kampuni nyingine mwezi wa kumi na moja, wadaiwa wote wa ile iliyonunuliwa huingia kwenye mizania, ilhali mauzo yake yanayohesabiwa ni ya mwezi mmoja au miwili tu, na uwiano huharibika bila kosa la mtu yeyote. Kiwanda kinachojiandaa kwa oda kubwa hujaza ghala kwa nia njema. Biashara inayouza kwa fedha taslimu na kuwalipa wasambazaji baadaye itakuonyesha uwiano mzuri kupindukia ambao haufai kulinganishwa na huu, na benki ni jambo jingine kabisa, kwani mikopo kwa wateja ndiyo bidhaa yake. Linganisha kampuni na jirani zake wa tasnia moja, na yenyewe kwa miaka mitano au zaidi. Miaka miwili uliyonitumia inatosha kuzua swali, haitoshi kuhukumu. Wala usitegemee kwamba hati safi ya mkaguzi inafunga mjadala, kwa maana mkaguzi anatoa maoni kama hesabu zimeandaliwa ipasavyo, naye hakuulizwa kama hisa zinafaa kununuliwa kwa bei hii.

Ninachokuomba ni kitu kimoja kabla hujamjibu dalali. Ukurasa wa maelezo ya wadaiwa ulionitumia umekatika katikati: nimeona tengo la madeni chechefu, lakini jedwali lililo chini yake, linaloonyesha madeni kwa umri wake, yaani yaliyopita siku 30, siku 60, siku 90 na kuendelea, halikuingia kwenye nakala. Ikiwa nyongeza ile ya milioni 80 iko katika safu ya kwanza, kuna uwezekano ni mauzo ya kweli ya mwisho wa mwaka, na tutayaona yakigeuka fedha katika taarifa ya nusu mwaka. Ikiwa iko katika safu ya mwisho, utakuwa umeshapata jibu lako bila mimi. Nitumie nusu hiyo ya ukurasa, pamoja na hesabu za miaka mitatu iliyotangulia kama unazo.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako daima,
Swahibu yako