Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kisanduku Kilichokataa Kufunguka Dunga

Ndugu wanachama, na wageni wetu mliotoka Nakuru na Kakamega, karibuni Kisumu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na kumbukumbu za mkutano uliopita katibu ameshazigawa. Mimi nitazungumzia kazi ya mikono yetu, yaani visanduku, na hasa kisanduku kimoja ambacho mwaka huu wote hakikuniondoka moyoni.

Kwa mliojiunga juzi: mchezo wa jiokeshingi ulianza Mei 2000. Tarehe 2 mwezi huo Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya raia ya GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo, na siku iliyofuata Dave Ulmer akaficha ndoo porini Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake ili watu waitafute. Sisi tunaupindua mchezo huo. Kisanduku unacho mkononi, ila hakifunguki mpaka ukifikishe mahali kilipopangiwa. Wazo ni la Mikal Hart, Mmarekani aliyetengeneza chake mwaka 2009 kiwe zawadi ya harusi ya rafiki yake aliyekuwa Ufaransa. Ukibonyeza kitufe, skrini inakuambia umbali uliobaki, lakini haikuambii uelekee wapi. Na huwezi kubonyeza utakavyo. Chake kiliruhusu mara 50 tu.

Sasa Dunga. Watoto wa mwanachama wetu, mwalimu mstaafu, walituomba tumtengenezee baba yao kisanduku. Ndani waliweka barua. Mahali pa kufungulia palikuwa ufuoni mwa ziwa, Dunga, hapa Kisumu, alikofundishwa kuvua na marehemu babake. Mzee anawajua wanawe, akakisia mapema. Alifika Dunga asubuhi, akasimama palepale panapotakiwa, akabonyeza. Skrini ikaandika kilomita 32.

Aliamini kisanduku kuliko alivyoamini moyo wake. Alipanda matatu ya Kakamega, na kila alipobonyeza umbali ulipungua, mpaka akajikuta amepita Chavakali, mvua inanyesha, yuko kati ya mashamba ya watu asiowajua. Akarudi nyumbani. Aliniambia alidhani hakuwaelewa watoto wake. Neno hilo liliniuma kuliko hasara yoyote ya vifaa.

Kosa lilikuwa letu, na wanachama wa Nakuru nalo linawahusu. Programu yetu ilihifadhi latitudo kwa sehemu mbili: digirii, ambayo ni nambari kamili, halafu dakika. Kusini mwa ikweta tuliweka alama ya kutoa mbele ya digirii. Tuliijaribu kwa nambari za Nairobi, iliyo digirii 1 na dakika kadhaa kusini, ikafanya kazi bila tatizo. Lakini Dunga ni digirii 0 na karibu dakika 9 kusini. Kwa kompyuta, sifuri yenye alama ya kutoa ni sifuri tu. Alama inapotea, na Dunga ikahamishiwa kaskazini mwa ikweta, umbali uleule upande wa pili. Eldoret na Kakamega ziko kaskazini, kwa hiyo huko kosa lisingeonekana kamwe. Kisumu na Nakuru zote ni digirii 0 kusini. Sisi tunaoishi kando ya ikweta, ambao wengi wetu tunaivuka pale Maseno tukienda kazini, ndio tuliopaswa kuliona kwanza.

Tangu hapo latitudo tunaiandika kwa desimali, na herufi ya kaskazini au kusini inasimama peke yake. Naomba mkutano huu upitishe kanuni: kisanduku kisikabidhiwe mtu kabla fundi wake hajakibeba mwenyewe hadi mahali penyewe kikafunguka mbele yake. Kujaribu mezani hakutoshi.

Mengine tuliyojifunza yalikuwa madogo, ila yanasumbua. Betri ya volti 9 tumeiacha, kwa sababu Arduino, yaani kompyuta ndogo inayoendesha kisanduku, na kipokezi cha GPS huimaliza kwa saa chache. Sasa tunatumia betri nne za kawaida za AA, na swichi inayojizima baada ya kila jaribio. Mota ya sevo, ile ndogo inayofungua kufuli, inapoanza kuzunguka hunyonya umeme kwa ghafla, volti zinashuka na Arduino inajiwasha upya kabla kufuli halijaachia. Kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo, ya mikrofaradi 470 karibu na mota imetuliza jambo hilo. Mbao nazo hufura wakati wa mvua. Kisanduku kimoja kilifungua kufuli vizuri kabisa na mfuniko ukagoma. Mafundi wetu wa jua kali sasa wanauachia nafasi pembeni.

Msipange mahali pa kufungulia katikati ya Msitu wa Kakamega au kati ya mawe ya Kit Mikayi. Majani na miamba huziba anga, na mawimbi yanayogonga jiwe kabla ya kufika kwenye antena hupotosha umbali. Chagueni uwazi ulio jirani, na mwache duara la mita 30 ambamo kisanduku kitakubali kufunguka.

Jambo moja silifanyii mzaha. Kasha lenye waya na betri, likiachwa peke yake sokoni au kituo cha magari, litawatia watu hofu, na wana haki ya kuogopa. Visanduku vyetu vikabidhiwe mkono kwa mkono. Ukitaka kuacha kimoja mahali, omba ruhusa ya mwenye eneo, mweleze chifu, na uandike juu yake ni kitu gani na ni cha nani.

Kisanduku cha Mwalimu kiko hapa mezani. Tumekirekebisha bila kukifungua, kupitia tundu la waya tulilokuwa tumeliacha chini, na barua bado imo ndani. Mzee amekubali kujaribu tena. Mkutano ukiisha tutaandamana naye hadi Dunga, wanawe wakiwa mbele, na kitufe atabonyeza mwenyewe.