Hesabu ya hamsta kabla hujalipa

Mombasa

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Barua yako imefika. Bintiyo anataka hamsta, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa nyumbani, muuzaji ameshataja bei, nawe umetenga shilingi 5,000 ukidhani zitamaliza kila kitu. Hazitamaliza. Bei ya mnyama ndiyo ndogo kuliko zote katika hesabu hii, basi ifute kichwani tuanze upya.

Anza na umri wake. Hamsta wa Syria, yule mkubwa wa rangi ya dhahabu, huishi kama miaka 2, akijaliwa 3. Kwa hivyo piga hesabu ya miezi 24, uigawe mafungu matatu: pesa za mwanzo, pesa za kila mwezi, na akiba ya ugonjwa. Fungu la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo humfanya mtoto alie.

Pesa za mwanzo zitaliwa na tundu. Vile vitundu vya waya vyenye mabomba ya plastiki ya rangi rangi ni vidogo mno. Hamsta huyu ataka sakafu ya sentimita 100 kwa 50 kwa uchache. Akibanwa hutafuna waya usiku kucha mpaka pua ikachubuka. Tundu la kuchongesha kwa seremala ni bora zaidi. Mpe vipimo hivi: sakafu 100 kwa 50, mgongo 100 kwa 50, na mbavu mbili za 50 kwa 50. Atakuambia nusu ya ubao wa plaiwudi yatosha. Haitoshi. Ubao mzima ni futi 8 kwa 4, nusu yake ni sentimita 122 kwa 122, na vipande hivyo vinne haviingii humo hata uvipange vipi. Nunua mzima, masalio yatatoa kijumba na ngazi. Mbele weka kioo cha kimo cha sentimita 30 ili matandiko yasimwagike, na juu ya kioo hadi kwenye kifuniko uwe wavu mtupu. Macho ya wavu yasizidi sentimita 1. Waya wa kuku usimruhusu fundi autie, maana macho yake ni mapana na hamsta hupenya kama maji. Usitengeneze la kioo kitupu kama la samaki, litakuwa jiko. Chini tandaza taili za masalio za mafundi wa nyumba: mkojo hautaingia kwenye mbao, na mnyama atapata pa kulalia penye baridi.

Gurudumu nalo usilifanyie ubahili. Upana wake uwe sentimita 28, na njia ya kukimbilia iwe uso mzima, isiwe ya vijiti. Dogo humpinda mgongo, la vijiti humvunja mguu. Ukilikosa madukani, fundi aweza kulitoa kwenye sufuria ya upana huo, aitoboe katikati na kuivisha beringi, kisha ndani abandike kitu kisichoteleza. Beringi ikilegea utaisikia saa nane za usiku, kwa sababu hamsta mchana hulala na usiku ndiyo kazi yake.

Sasa joto, na hapa ndipo bajeti ya Mombasa inapoachana na ya Nairobi. Hamsta hujisikia vizuri kati ya nyuzi 18 na 25 hivi. Ikifika 30 yumo hatarini: hulala chali au kifudifudi amejinyoosha, hupumua mbio, hulowa mate kidevuni, na asipopozwa hufa siku hiyo hiyo. Wakati wa kusi mambo si mabaya. Ni kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, ndipo mchana hupita 30 kwa wiki nzima nzima, nawe hapo Tudor wakaa ghorofa ya juu kabisa, zege linapikwa kutwa na kukurudishia joto hadi usiku.

Watu husema, nitamwashia feni. Hamsta hatoki jasho, kwa hiyo feni inayozungusha hewa ya moto haimsaidii, inamkausha tu. Feni ni ya kuvuta hewa ya nje chumba kikiwa na moto kuliko nje, na isimwelekee. Kwa stima hiyo ndiyo rahisi: feni ya wati 50 kwa saa 12 ni uniti 0.6, yaani 18 kwa mwezi. Eyakondishe ndiyo itakayokutoa roho. Inayovuta kilowati 1 kwa saa 8 za mchana hufikia uniti 8 kwa siku, 240 kwa mwezi. Tuseme uniti ni shilingi 25: hizo ni 6,000 za mwezi mmoja, kwa mnyama wa gramu 150! Chukua bei halisi kwenye ujumbe wako wa tokeni uzidishe mwenyewe.

Kuna njia ya kati. Nunua chungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi, ukilaze ubavu na ukizike nusu ndani ya matandiko. Hicho ndicho kitakuwa chumba chake cha mchana. Uwe na taili mbili za akiba kwenye friji, moja ikipoa nyingine imo tunduni, uzibadilishe kila saa tatu. Chupa ya nusu lita iliyoganda ivishe soksi, uiegemeze nje ya kioo upande mmoja tu, ili akiona baridi aweze kwenda upande wa pili. Usiiweke ndani, itatoa jasho na kulowesha matandiko. Hiyo yote ni gharama ya friza ambayo tayari unayo, ila yataka mtu anayeshinda nyumbani. Kama wote mwatoka asubuhi na kurudi magharibi, andika eyakondishe kwenye bajeti au mwambie bintiyo asubiri. Na mnunue wakati wa kusi, Juni au Julai, azoee nyumba kabla ya joto. Akiwa anatoka bara, asafirishwe usiku, na kwenye boksi mtiwe kipande cha tango badala ya chupa ya maji, maana chupa humwagika njiani.

Chakula hakitakusumbua. Hula gramu 10 hadi 12 kwa siku, yaani kilo 4.4 hivi kwa mwaka. Tuseme mchanganyiko ni shilingi 300 kwa kilo: haifiki 1,400 kwa mwaka mzima. Maji ni mililita 15 kwa siku, lita 5 na nusu kwa mwaka, basi mpe yale mnayokunywa ninyi, si ya kisima yenye chumvi. Nafaka zote utazipata soko la Kongowea: mtama, wimbi, ngano, shayiri, mbegu za maboga kidogo, za alizeti kidogo zaidi kwa ajili ya mafuta yake. Mara mbili kwa wiki ongeza yai la kuchemsha kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Karoti, tango na mchicha ni sawa, kipande kidogo. Machungwa, ndimu, vitunguu, maharagwe mabichi, parachichi na mahamri hapana. Chakula cha kuku pia usimpe, mara nyingi hutiwa dawa.

Ila usinunue kilo tano kwa kuwa ni nafuu. Kwa unyevu wetu huu, nafaka hushikwa na fukusi na kuvu, nawe utatupa nusu. Kilo moja humtosha karibu miezi mitatu. Ilaze kwenye friza siku nne fukusi wafe, halafu itie kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana.

Matandiko ndiyo ya kila mwezi hasa. Kina cha sentimita 20 kwa sakafu ile ni lita 100 za kuanzia, maana huchimba mashimo na kuficha chakula. Maranda ya seremala ni ya bure na ndiyo mtego wenyewe: ya paini na saipresi yana mafuta yanayochoma mapafu yake, na mbao nyingine zimepakwa dawa ya mchwa. Tumia karatasi nyeupe zilizokatwakatwa na mashine za ofisini, zisizo na wino mwingi. Kila siku mbili toa kona anayokojoa, na kila mwezi badilisha theluthi, kama lita 35. Ukibadilisha yote hupotelewa na harufu yake akahangaika. Mchanga wa kuogea, maana hamsta hujisafisha kwa kugaagaa mchangani, uwe wa mto, uoshwe, uchekechwe, ukaangwe ukauke. Wa pwani una chumvi.

Sisimizi watafuata ile akiba yake ya chakula, hilo lihesabu kama limeshatokea. Miguu ya meza inayobeba tundu itie kwenye makopo ya maji, uyamwage kila siku tatu yasizae mbu. Na mlango uwe na komeo, kwa ajili ya paka.

Daktari sasa. Wengi wao ni wa ng'ombe, mbuzi, mbwa na paka. Piga simu kabla ya kununua, uulize kama anatibu wanyama jamii ya panya na anatoza kiasi gani kumwona tu. Zidisha mara tatu, ndiyo akiba yako; itie kwenye kibubu kabla mnyama hajafika. Haraka yote ni kwa sababu ya maradhi ya mkia mbichi: huharisha, mkia hulowa na kunuka, na aweza kufa ndani ya siku mbili. Usikimbilie duka la dawa ukanunua amoksilini. Penisilini na jamaa zake huua bakteria wema wa tumbo la hamsta, na yeye hufuata.

Muuzaji akikupa pea, kataa. Hamsta wa Syria hukaa peke yake. Wawili hupigana hadi kifo, na wakiwa dume na jike, mimba ni siku 16 tu na kila kitoto kitataka tundu lake.

Usilipe chochote bado. Tafuta kipimajoto, kiweke chumbani pale tundu litakapokaa, kwa kimo hicho hicho cha meza, ukisome saa nane mchana siku tatu mfululizo. Niletee namba hizo pamoja na bei ya plaiwudi, tuzipange.

Msalimie bintiyo, na mama mkwe pia, ambaye najua atamwita panya tu.

Ni mimi shogayo