Mtani, jina la Komredi halimo

Mtani wangu wa Makambako,

Kamwene. Nakusalimu Kibena kwa kuwa Kisukuma najua kimeshakutoka, na anayekusomea barua hii huenda ni shemeji, maana miwani yako sina shaka umeikalia tena. Shemeji, hujambo? Sisi Wazaramo bado tunasubiri kuelezwa mtu aliyetoka Maswa kwenda kusoma vitabu aliishiaje kuwa mkwe wa watu na mwenye shamba la parachichi. Siku ukifa, mtani, hilo ndilo nitakalouliza msibani kabla sijaruhusu jeneza litoke.

Huku Kisarawe wote wazima. Mvua zinatudanganya, mikorosho imeingiwa na ubwiri unga, goti langu limeanza kutabiri hali ya hewa. Basi, hayo yametosha.

Nimeandika kwa kalamu, mjukuu atapiga picha kurasa zote akutumie kwenye simu. Ningeweza kukutumia sauti, lakini wewe sauti unazisikiliza pale dukani kwa spika, kila mteja anajua mambo ya Kisarawe. Haya si ya wateja.

Najua kundi letu la simu unalisoma, ila mchango wako ni kidole gumba tu. Mtu akifiwa, kidole gumba. Mtu akipata mjukuu, kidole gumba. Kwa hiyo umeona yote yaliyosemwa tangu Katibu atangaze kwamba sisi tuliosoma pamoja tunachanga kukarabati lile bwalo la shule yetu. Yaani ametufungulia bomba. Kila mmoja na lake. Waranti za reli na foleni ya stesheni ya Tazara. Yule aliyepigia kelele tembo dirishani usiku kumbe ni kichaka. Mlimba gizani, halafu yale mahandaki, na sisi wa Pwani tunaotoka joto letu tunashuka Makambako alfajiri na mashati ya mikono mifupi, meno yanagongana. Wewe ulikuwa umeshapanda treni mbili toka kwenu, umevaa koti la baba yako linalofika magotini, nikajua huyu ni mtani kabla hujafungua mdomo. Mwaka 1985 ule. Tumeingia Mwalimu yuko Ikulu. Tunakwenda likizo ya Desemba ameshang'atuka, na ofisini kwa mkuu wanatafuta picha ya Mzee Mwinyi ya kutundika.

Nacheka ninapoandika. Umeona walivyozozana kuhusu sweta? Mitumba ndiyo kwanza inarudi nchini, mtu ananunua sweta la kike lenye vifungo vya maua, analivaa kwenye mchakamchaka na hakuna wa kumcheka kwa sababu kila mtu anatetemeka. Na Mwalimu wa Kemia alipoingizwa kundini! Shikamoo zimefuatana ukurasa mzima, na mzee kazijibu moja moja, marahaba, marahaba, mpaka saa sita usiku. Mwanawe kaandika baadaye kwamba baba hajalala.

Lakini mtani, ukiwasoma utadhani tulikuwa hotelini. Eti ugali ule ulikuwa mtamu. Eti maharage ya siku hizi hayana ladha ile. Ladha ipi? Ya wadudu? Mhasibu wetu, ambaye alikuwa akitoa funza kwa ncha ya kalamu na kuwapanga mezani kama gwaride, leo anaandika kwamba chakula cha shule ndicho kilichomjenga. Nimemwacha. Njaa ya ujana inasahaulika, sawa. Ila kuna jambo moja sitaki lisahaulike nalo, ndiyo maana nakuandikia.

Katibu ametuma orodha. Majina yote ya darasa letu yatapakwa rangi ukutani, ndani ya bwalo, chini ya maneno "Wahitimu". Nimeisoma toka juu mpaka chini. Komredi hayumo. Nikadhani ni kusahau, nikampigia. Katibu kanijibu kistaarabu kabisa: kaka, huyo hakuhitimu, hakufanya mtihani, tukianza kumwingiza asiyehitimu hatutamaliza. Nikamwambia basi andikeni "Waliosoma", rangi ni ileile. Akasema kamati imeshapitisha. Kamati ni yeye, Mhasibu na yule dada aliyekuwa akifundisha Kiingereza mwaka wetu wa mwisho, ambaye hakuwahi hata kumwona Komredi.

Ndani ya bwalo, mtani. Ukuta wa bwalo lilelile ambalo kijana alifukuzwa kwa ajili yake.

Sasa sikiliza. Usiku wa juzi, baada ya zile shikamoo, Mwalimu wa Jiografia naye akachangamka. Unajua siku hizi yuko Mbozi na kahawa yake. Akaandika juu ya mgomo. Kwamba walimu wengi hawakufurahia mambo yalivyokwenda, na kwamba majina ya wale vijana waliofukuzwa hayakutoka kwa walimu; yaliletwa na wanafunzi wenyewe, wao walikabidhiwa karatasi tu. Nikasoma. Nikavua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Nilipotaka kumjibu, ujumbe umefutwa. Asubuhi akatuma picha ya miche ya kahawa. Wewe uliuona? Maana kwenye picha ya kahawa kidole gumba chako kipo.

Wengine wakisimulia mgomo wanaanzia Ijumaa jioni, tulipokataa kuingia bwaloni tukakaa uwanja wa paredi na sahani zetu. Mimi naanzia nyuma zaidi, kwenye lile daftari. Unalikumbuka, jalada la kijani, anaandika kwa penseli ili likishikwa afute. Upande mmoja kilo za unga zilizoandikwa kwenye ubao wa stoo, upande wa pili kilo zilizofika jikoni. Kila siku, wiki baada ya wiki. Na sisi tulikuwa tumelima lile shamba kwa mikono yetu, Elimu ya Kujitegemea ile, mahindi tumevuna wenyewe, tumepukuchua wenyewe, kisha gunia zinatoka usiku kwa lori na sisi tunaletewa unga uliochoka. Komredi hakuwa mropokaji. Watu siku hizi wanamfanya mwanasiasa kwa sababu ya jina la utani. Alikuwa mtu wa hesabu. Alikuwa akitukata nywele kwa wembe na kitana nyuma ya bweni, malipo ukoko, na ukoko wenyewe anagawana na mteja. Wewe alikukata siku moja upande mmoja tu kengele ikalia, ukaingia kipindi cha Siasa hivyohivyo.

Na siku ile ya ulanzi! Hili sijaliona likisimuliwa kundini, na nadhani ni kwa sababu waliokuwepo ni sisi watatu. Mvua za masika, mianzi inatoa, yule bibi wa ng'ambo ya mto anatupimia kwa kibuyu na kutuambia hiki ni kitamu, cha leo, hakileweshi. Wewe na ukubwa wako wote wa Kisukuma ulilala kwenye shamba la viazi la watu. Nani alikubeba? Mimi nilishika miguu. Kichwa na mabega alikuwa nayo Komredi, na mwalimu wa zamu alipotuuliza bwenini, ni Komredi aliyesema una homa.

Narudi kwenye daftari, maana nazunguka na wewe unajua nazunguka.

Stoo ya chakula waliingia watu watatu: bwana stoo, mwalimu wa zamu, na kiranja wa chakula. Bwana stoo asingetoa namba zile. Alikuwa akitetemeka hata ukimwomba chumvi. Walimu wa zamu walikuwa wanabadilika kila wiki. Mtani, namba za kila siku zilitoka kwako. Sijawahi kukuuliza hili miaka yote, hata pale JKT Mafinga tulipolala hanga moja, na sikuulizi leo ili unikane. Nalijua. Nilikuona ukimnong'oneza kwenye foleni ya maji. Na ninavyoona mimi lilikuwa jambo jema, pengine jema kuliko yote uliyofanya pale shuleni, ukiacha kumtongoza shemeji.

Jumatatu paredini walisoma majina. Wale wengine walipanda treni, wakarudi na baba zao, na wajomba, mmoja na mtu aliyemkodi sokoni akajifanya mjomba. Bodi ikawachapa maneno, wakachapwa na fimbo, wakaingia darasani. Komredi kwao Ngara. Baba hayupo, mama hawezi kusafiri, na toka Ngara kuja kule unavuka nchi nzima. Aliandika barua kwa bodi. Jibu lilipokuja kutafutwa, sisi tumeshakaa kwenye mtihani na kiti chake kimetolewa. Na kabla hajaondoka walimhoji ofisini asubuhi nzima: namba hizi umezipata wapi, nani aliyekupa. Tulikuwa tunasafisha mitaro nje ya dirisha, tukisikia. Alisema aliziona ubaoni. Kila walipouliza, aliziona ubaoni. Ubao wa ndani ya stoo ambayo hajawahi kukanyaga!

Kwa hiyo hili la "majina yaliletwa na wanafunzi wenyewe" limenikaa kooni. Simsemi mtu. Wako viranja waliotaka mapendekezo mazuri ya mkuu, wako waliokuwa na chuki zao za mpira, na huenda Mwalimu wa Jiografia mwenyewe anajisafisha, uzeeni watu hujisafisha. Na kama ni wewe uliyetumwa kuandika ile karatasi kwa kuwa ulikuwa kiranja, ukalazimishwa, mimi nakujua na nitakuelewa, tulikuwa watoto wenye ndevu. Lakini nataka kulisikia kwako, si kwa Mbozi. Na kama si wewe, nataka kulisikia vilevile, kwa sababu juzi nililala vibaya nikikufikiria, na sipendi kumfikiria mtani wangu namna hiyo.

Ninachokuomba kiko wazi. Andika kundini. Maneno mawili tu, si kidole gumba. Sema jina la Komredi liingie ukutani. Nikisema mimi wanasema huyu Mzaramo anapenda kesi. Ukisema wewe uliyekuwa kiranja wa chakula, Katibu atanyamaza. Huna haja ya kutaja stoo wala daftari. Kama unataka kutaja, taja, sasa wa kukufukuza ni nani? Mzee mkuu alishatangulia, Mungu amrehemu, na bwana stoo tulimzika kwa mchango wa kundi hilihili.

La pili ni yeye mwenyewe. Daktari anasema aliwahi kumwona Tunduma miaka ya tisini, anabadilisha fedha pale mpakani. Yule wa bweni letu aliyekwenda Zambia anasema hapana, alikuwa Kapiri Mposhi, ana duka la vipuri. Mwingine kaandika "marehemu" bila ushahidi wowote, nikamtaka aseme kaambiwa na nani, akanyamaza. Malori yako ya parachichi yanapita Tunduma. Madereva wanajuana na kila mtu. Uliza. Mtu wa Ngara, mrefu, ana kovu la wembe kwenye kidole gumba cha kushoto, akicheka anaziba mdomo. Utapata tu.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa kuruka. Ule ujumbe wa Mwalimu uliusoma au hukuusoma? Karatasi ile uliiona kwa macho yako? Ilikuwa mwandiko wa nani? Komredi aliwahi kukuandikia baada ya kuondoka? Maana mimi aliniandikia mara moja, akauliza habari zako, nikakupa barua uisome na hukunirudishia, bado unayo? Kundini mbona husemi kitu, ni intaneti ya Makambako au ni haya? Mkutano wenyewe utakuja, au utatuma viazi vikuwakilishe? Na goti lako vipi, au Wasukuma magoti yenu hayaumi?

Jibu kabla ya Ijumaa. Katibu anasema fundi wa rangi anaanza Jumamosi, na mimi nimeshamwambia mjukuu anitafutie namba ya huyo fundi, ikibidi nitazungumza naye mwenyewe. Herufi saba tu, hata nafasi nimeiona, kati ya jina lako na la Daktari.

Mtani wako,
Kisarawe

Mjukuu ananiambia kurasa ni nyingi, simu itajaa. Mwambie shemeji afute zile picha zako za parachichi.