Barua ya wazi kwa Waziri Mkuu: tuonyeshe amri iliyozima mtandao

Mheshimiwa Dkt. Mwigulu Nchemba,
Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUZIMWA KWA MTANDAO, 29 OKTOBA HADI 3 NOVEMBA 2025

Mheshimiwa Waziri Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni mawakala wa pesa za simu na watunza hesabu wa maduka. Tulisubiri. Tulisubiri Rais aapishwe, tukasubiri Bunge likuthibitishe Novemba 13, tukasubiri Baraza la Mawaziri. Novemba 24 ulitangaza kwamba sherehe za Uhuru za 9 Desemba hazitafanyika na fedha zake zitakwenda kukarabati miundombinu iliyoharibiwa baada ya uchaguzi. Tulikuwa tunangoja neno kuhusu hasara nyingine, ile isiyoacha majivu wala vioo vilivyovunjika. Desemba 9 imepita na bado tunalingoja.

Swali letu ni hili: nani aliamuru mtandao uzimwe, saa ngapi, na kwa kifungu gani cha sheria?

Tunajua watu walikufa siku zile za uchaguzi. Wapo ambao hadi leo wanatafuta ndugu zao. Hilo ni kubwa kuliko fedha yoyote, na Rais ameliundia tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Hatuliweki kwenye mizani moja na makato ya simu. Tunaandika kuhusu sehemu tunayoijua kwa mikono yetu, kwa sababu tukinyamaza sisi hakuna mwingine atakayeieleza.

Wakala ana mifuko miwili: floti iliyo kwenye simu na kashi iliyo kwenye droo. Mteja akiweka pesa, kashi inapanda na floti inashuka. Akitoa, ni kinyume chake. Kazi yote ni kuisawazisha mifuko hiyo. Siku ya kawaida wanaoweka na wanaotoa hawapishani sana, na upande mmoja ukizidi wakala anakwenda benki, au kwa wakala wa benki mwenye mashine, au anampigia wakala mkuu, anabadilisha na kuendelea. Siku ya hofu hakuna anayeweka. Wote wanatoa, maana kila mmoja anataka noti mkononi. Chukua wakala mwenye mtaji wa shilingi milioni 2, nusu floti, nusu kashi. Akihudumia wateja 20 wanaotoa 50,000 kila mmoja, droo imeisha na simu inasoma milioni 2. Mteja wa 21 ana salio lake halali, wakala ana floti ya kutosha, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kununua mkate.

Hapo ndipo mtandao unapohitajika, na hapo ndipo mlipoukata. Tunahisi aliyeshauri alisema menyu ya nyota na reli, ile ya kubonyeza namba bila intaneti, haihitaji bando, hivyo huduma za fedha zitaendelea. Menyu haihitaji bando, ni kweli. Lakini mashine ya wakala wa benki inatumia laini ya data. Kuhamisha pesa kutoka akaunti ya benki kuja kwenye floti kunapita kwenye mifumo inayowasiliana kwa intaneti. Kontroo namba ya malipo ya Serikali inatengenezwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Programu nyingi za risiti madukani nazo zinategemea intaneti. Zile mashine za zamani angalau hutunza risiti kwenye kumbukumbu yake na kuzituma mawimbi yakirudi. Menyu peke yake ni mlango uliobaki wazi kwenye nyumba isiyo na sakafu. Ongeza amri ya kutotoka nje Dar es Salaam kuanzia saa 12 jioni: wakala aliyezoea kupata wateja wengi jioni, watu wakitoka kazini, anafunga kabla hawajafika, na benki ya kwenda kubadilisha floti haifikiki.

Tarehe nayo. Oktoba 29 ilikuwa Jumatano, wiki ya mshahara na kodi ya nyumba. Mtandao ulianza kurudi Jumatatu ya Novemba 3, tena kwa kusuasua. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi na tozo ya ujuzi inatakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na Novemba 7 ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Mtunza hesabu anayeshika maduka sita au saba anahitaji siku hizo za mwisho wa mwezi kufunga vitabu, kuingiza ritani, kutoa kontroo namba na kufuatilia mteja alipe. Siku zile zilipotea, na riba ya ucheleweshaji haiulizi mtandao ulizimwa na nani.

Mheshimiwa, wewe ni mchumi, uliwahi kufanya kazi Benki Kuu, na ulikuwa Waziri wa Fedha tangu 2021 hadi ulipopewa nafasi hii. Ndiyo maana barua hii inakuja kwako. Bajeti yako ya mwisho ndiyo iliyoshusha Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa benki au kwa mfumo wa kielektroniki, kuanzia Septemba 1, 2025. Tuliipenda. Kitu cha 50,000 kabla ya kodi kinakuwa 59,000 kwa noti na 58,000 kwa simu. Tuliwaeleza wateja, tukawabandikia lipa namba pale mbele ya kaunta, tukawashauri wenye maduka wasijaze noti kwenye droo. Hata miezi miwili haikuisha. Waliotusikia zaidi ndio walioumia zaidi, kwa sababu mtaji wao wote ulikuwa kwenye simu. Mteja amesimama, bidhaa imeshafungwa, anabonyeza, duara linazunguka, linazunguka, halafu malipo yanakataa. Anauliza kama anaweza kulipa noti. Noti hana. Na angekuwa nayo, bei ingerudi 59,000.

Sasa watu wanaomba kulipwa taslimu tena. Wenye maduka wanaficha noti nyumbani, jambo la hatari, na wanaiogopa lipa namba iliyo mbele ya kaunta yao wenyewe. Imani hiyo ilichukua miaka kujengwa. Hatujui itarudi lini.

Tukumbushe na tulikotoka. Julai 15, 2021 tozo ya miamala ilianza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, wakati wa kutuma na wakati wa kutoa. Kilio kilikuwa kikubwa. Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa kutoka 7,000 hadi 4,000, lakini wavu ukatanuliwa hadi kwenye benki. Oktoba 2022 mkaondoa tena baadhi ya makato. Mwaka 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa, ya kutoa ikabaki. Kila mabadiliko yalikuwa na maana moja kwetu: karatasi ya viwango ubaoni ibandikwe upya, na wakala amweleze mteja mwenye hasira kitu ambacho yeye hakukitunga. Gumzo la 2021, la asiyetaka tozo ahamie Burundi, unalikumbuka, hatulirudii.

Tozo za mafuta nazo ziliongezwa: shilingi 100 kwa lita mwaka 2021, 100 nyingine mwaka 2023, na 10 mwaka 2025. Kodi ya saruji: 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Hizi hazionekani kwenye simu, lakini zinaonekana kwenye nauli na kwenye tofali.

Na LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo inakatwa humo tangu Agosti 2021, kwanza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ni 1,500. Mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, akinunua umeme wa 5,000, zikitoka 1,500 zinabaki 3,500. Humo kuna asilimia 18 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na 1 ya mdhibiti wa nishati na maji (EWURA), hivyo uniti moja ya shilingi 292 inafika 356 na senti. Anapata uniti 9.8 badala ya 14. Mara nyingi anayebonyeza namba zile 20 kwenye mita ni mpangaji. Nyumba si yake. Kodi ya jengo ni deni la mwenye jengo, lakini makato yanamkuta aliyeshika mita, na kama mita haikuwekwa umeme kwa miezi mitatu, anayefuata kununua analipa na ya nyuma. Wapangaji wamelilalamikia hili tangu siku ya kwanza.

Mmekuwa mkijiuliza kwa nini watu wamenuna, kwa nini jina la Waziri Mkuu likitajwa dukani mazungumzo yanabadilika, kwa nini Chama Cha Mapinduzi, kilichoshika dola tangu kizaliwe 1977, kinasemwa kwa sauti ya chini hata na wenye kadi zake. Rais ametangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwemo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, yuko mahabusu tangu Aprili kwa shtaka la uhaini. Kila mtu ana tafsiri yake ya hayo. Sisi tunaongeza sababu ya kaunta: mwananchi ameona kwamba akitakiwa kukatwa mfumo haulali, na akitaka kuuliza mfumo unazimwa.

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ndiyo maana hata ile tozo ya shilingi 10 ilibidi isomwe bungeni, ijadiliwe, ipigiwe kura, itiwe saini, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Tuliichukia, lakini tuliiona. Tuliweza kunyoosha kidole kwenye kifungu. Kuna waliokwenda mahakamani kuipinga. Kodi ya shilingi 10 ina karatasi. Kuzima njia ambayo nchi nzima inalipia mshahara, dawa, umeme na kodi yenyewe, karatasi yake iko wapi? Sisi hatujaiona. Hatujaona namba yake, tarehe yake, saini yake. Hata tangazo la kumwambia wakala asubuhi ile abadilishe floti yake mapema hatukulipata. Wengi walidhani bando limeisha.

Mtatuambia ni usalama. Kama ndivyo, sheria ya usalama nayo ina vifungu. Kitajeni. Kama ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, tuambieni ni kifungu kipi, na kampuni za simu zilipewa maelekezo kwa maandishi au kwa simu. Tunauliza hivyo kwa sababu wakala akichelewesha nyaraka moja ya usajili laini yake inafungwa, na anapewa sababu kwa maandishi.

Ibara ya 52 inakupa wewe udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa kazi za Serikali za siku hata siku, na inakufanya kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Hivyo huwezi kutuelekeza kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), wala TCRA kutuelekeza kwa wizara, wala wizara kuturudisha kwa kampuni za simu. Njia hiyo tunaijua, tumeitembea na malalamiko madogo kuliko haya.

Yapo mengi tungeweza kuomba. Riba ya kodi za Oktoba ifutwe kwa waliochelewa siku chache za mwanzo wa Novemba. Kamisheni za mawakala kwa siku zile zifidiwe. Makato ya jengo yahame kutoka kwenye mita ya mpangaji. Tunayataka yote hayo, na tutayaandikia kwa wakati wake. Leo tumeyaweka pembeni ili usipate cha kujibu kwanza ukaacha hili.

Alhamisi ya kwanza ya maswali ya papo kwa papo, Bunge likikutana tena, simama usome amri hiyo. Soma namba yake. Soma saa iliyoanza kutumika. Soma jina la cheo kilichotia saini. Soma kifungu. Kama haikuandikwa, sema haikuandikwa. Na kama yote hayo ni mengi kwa siku moja, basi Mheshimiwa, tusomee kifungu tu.

Tunangoja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mawakala wa pesa za simu na watunza hesabu wa maduka
Desemba 2025